Kizuka wa Timbwani

Mimi ni mtu wa wasiwasi, tangu hapo. Wengine huamka wakauliza chai iko wapi. Mimi huamka nikajiuliza leo kutaharibika nini. Marehemu mama alikuwa akinitania kwamba nilitoka tumboni nimekunja uso, hata mkunga akadhani nimemkasirikia yeye. Sasa hebu fikiria mtu wa namna hiyo, katika ile miaka ya mwisho mwisho kabla ya uhuru, anachukuliwa kufundishwa kazi ya kutuliza nyoyo za watu. Na moyo wangu mimi, nani wa kuutuliza?

Nilikuwa mkunga tayari, nimesoma nimemaliza, nazalisha wanawake wa Likoni mchana na usiku. Kazi ile naijua. Mtoto ana kichwa na ana matako, kimoja kiko juu na kingine chini, na mikono yangu hunieleza kilipo. Kisha akaja mama mmoja wa Kizungu, mrefu, mwembamba, ana Kiswahili cha kitabuni kisicho na kosa wala chumvi. Huko kwao alisomea mambo ya nafsi za watu na namna zinavyougua. Serikali ilimruhusu ajaribu jambo: achukue watumishi wachache wa zahanati za ng'ambo ya kisiwa, awafundishe kuwatazama wagonjwa wa akili majumbani mwao, kabla hawajapakiwa kwenye garimoshi kupelekwa hospitali ya wendawazimu huko bara. Mwenzangu mmoja aliwekwa Kisauni, mwengine Changamwe, mimi nikabaki kwetu Likoni. Sisi tulimwita Mwalimu. Watu nao wakatupa jina lao, wakatuita wale wa kupiga soga.

"Siku hizi wafanya kazi gani, shoga?" aliniuliza jirani yangu.

"Nakaa na watu, wanazungumza, nawasikiliza."

"Na serikali yakulipa kwa hilo?"

"Yanilipa."

"Wallahi, basi mimi nimewafanyia kazi ya bure miaka yote hii!"

Nilicheka naye, lakini kichekesho hakikunifika moyoni. Kazi ile ilinitisha. Mwalimu alikuwa na masharti yake. Usimpe mtu jibu kabla hajalitafuta mwenyewe. Akinyamaza, nyamaza naye. Na ukitoka kwa mgonjwa uje ukae na Mwalimu mwenyewe kwenye benchi lililokuwa nyuma ya zahanati, umweleze neno kwa neno. Ukimaliza, yeye huvuta sigara yake, hukutazama, halafu hukuuliza: "Na wewe, ulihisi nini?"

Mimi? Tangu lini mkunga akaulizwa alihisi nini? Mara ya kwanza nilimjibu, "Nilihisi joto, Mwalimu." Hakucheka.

Jambo lililotusumbua zaidi lilikuwa hili la "njema". Yeye alitufundisha tumwulize mgonjwa hali yake. Nikamwambia, Mwalimu, kwetu ukimwuliza mtu habari, ni njema. Paa la nyumba limeanguka, njema. Amefiwa juzi, njema, alhamdulillahi. Ni adabu. Habari yenyewe huja baadaye, chai ikishanyweka nusu kikombe, na pengine haiji kabisa. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi tusikilize kinachokuja baada ya njema." Neno hilo nililishika, ingawa wakati ule sikuwa nimempenda hata kidogo.

Siku moja akaja zahanatini bwana mmoja wa Timbwani, mtu wa makamo, kofia ya kiua safi, mkali wa macho. Alikataa kukaa. Alisema amekuja kwa jambo la aibu na anataka alimalize upesi.

Nduguye alikuwa akifanya kazi bandarini, akaangukiwa na mzigo, akafa. Mke wa marehemu akakaa eda, kama ilivyo sharia. Kwa asiyejua: mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajitii manukato, hapaki hina wala wanja, haonekani na mwanamume anayeweza kumwoa. Kwetu huitwa kizuka. Siku zake zikitimia, wanawake wakubwa wa nyumba ile humwogesha, humvisha nguo nyengine, na ndipo hutoka nje akaendelea na maisha yake. Lakini mjane akiwa na mimba, eda yake haiendi kwa miezi. Ni mpaka azae.

Na huyu alisema ana mimba.

"Tulifurahi, usione," alisema yule bwana. "Wamekaa miaka na miaka bila mtoto, leo ndugu yangu amekufa na kumbe ameacha kitu. Mama yangu alisujudu. Tukangoja. Miezi ya kuzaa ikafika, kimya. Ikapita, kimya. Tumefunga Ramadhani, tumesali Idi, tumbo liko pale pale. Sasa ni zaidi ya mwaka. Mama asema mimba imelala. Wazee wa msikitini wasema vitabuni imo, mimba yaweza kukawia sana. Mimi sibishani na vitabu. Lakini mimi si mtoto, na watu wacheka."

"Wataka tufanye nini?" nilimwuliza.

"Nataka neno moja. Kama ni mimba, tutangoja. Kama ni wazimu, mwisho wa mwezi daktari wenu aja kutoka kisiwani. Amwandike, achukuliwe. Nyumba ile ipate kupumua."

"Na mama yako yeye asemaje?"

"Mama amesema hatamwogesha mpaka mjukuu wake atoke. Amekula yamini."

Alipokwenda zake nilikaa chini. Nilimwona yule mwanamke ambaye hata sura yake sikuijua, yu ndani ya eda yake, anapandishwa garimoshini baina ya askari, usiku kucha mpaka bara, akateremshwa mahali ambapo hakuna mtu hata mmoja ajuaye eda ni kitu gani. Angerudi vipi kutoka huko? Niliwajua wawili waliopelekwa. Hawakurudi.

Nikaenda Timbwani siku ya pili yake. Kwa wasiwasi nilionao nilivaa haraka, nikasahau kwamba nina asumini kichwani. Nilipopiga hodi, mavyaa wa yule mjane, yaani mama yake marehemu, alinifungulia mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wee! Waingia kwa kizuka na asumini?" Akaning'oa maua yangu hapo hapo mlangoni, akayatupa uani. "Mtoto wa nani wewe?" Nikamtaja baba. "Haa! Na baba yako ni mtu wa maana. Haya, pita."

Mjane alikuwa ameketi mkekani, kwenye chumba cha ndani, nguo nyeupe, mgongo ukutani. Mwanamke mzuri, umri wa kunipita mimi kidogo. Tumbo lilikuwa limemtangulia. Mbele yake palikuwa na kisahani cha udongo wa kula na ndimu iliyokatwa, vitu ambavyo wenye mimba huvitamani.

"Habari za hapa, dada?"

"Njema."

"Na hali yako?"

"Njema, alhamdulillahi. Mtoto anisumbua kidogo. Jana amecheza mpaka sikulala."

Tukazungumza. Alinieleza mtoto apenda nini, achukia harufu ya kitu gani, hugeuka saa ngapi. Nilichokiona ni hiki: mumewe hakumtaja kwa neno la marehemu hata mara moja. Alisema "yule". Yule hapendi nazi nyingi. Yule akija huweka viatu pale. Kila aliposema hivyo niligeuka kutazama mlango.

Nilirudi benchini nikamweleza Mwalimu yote. Nikamwambia, "Nipe ruhusa nimpapase tumbo. Mara moja tu nitajua."

"Utajua wewe," akasema. "Na yeye?"

"Yeye nitamwambia!"

"Kisha?"

Nilikasirika, nikasimama. Siku chache zimebaki, daktari aja, shemeji yake amekwisha kukata shauri, na huyu aniuliza kisha! Nikamwambia kwa sauti ambayo sikuwa nikiitumia kwa wakubwa, "Na tukikaa kimya, akachukuliwa, itakuwaje?"

"Sijui," akasema Mwalimu.

"Na nikimwambia ghafla, akajidhuru?"

"Sijui. Sijapata kuona mtu kama huyu. Nimesoma tu kwamba wapo." Sigara ilikuwa ingali yawaka mkononi, naye akawasha nyengine. Nilikuwa nimetaka mwalimu anayejua, nikapewa anayeogopa kama mimi. Siku ile nilitaka kumpiga, kusema kweli, lakini tangu siku ile niliacha kumwona mgeni.

Nikaendelea kwenda. Nje dunia ilikuwa na zogo lake. Kila baraza ilikuwa yabishana kama mwambao utabaki kwa Sultani au utaungana na Kenya, nani ataondoka na nani atabaki, na shemeji mtu yule alikuwa haukosi mkutano hata mmoja. Sisi wenyewe hatukujua kama mafunzo yetu yatauona huo uhuru. Lakini mle chumbani hapakuingia neno la siasa. Palikuwa na mwanamke anayesikiliza tumbo lake, na nyuma ya pazia mavyaa akichambua mchele, akitusikiliza sisi.

Siku moja bi mkubwa yule alinisindikiza hadi mlangoni akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Mwanangu," aliniambia, "mtoto wangu alitoka hapa asubuhi, mzima, amekula mahamri yake. Adhuhuri wakaniletea kitu kimefungwa, wakaniambia usifunue, uso umeharibika. Wanaume wakamchukua, wakamzika. Sikumwona. Kilichobaki kwake kimo mle ndani. Usije ukasema neno la kukitoa."

Ya Rabi! Nilitembea mpaka zahanatini sioni njia. Nilikuwa na mjane mmoja nikaona ni mzigo, kumbe nina wafiwa wawili wanaongoja tumbo moja, na daktari aja kesho kutwa.

Siku ya kesho yake, ambayo ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya mwisho kabla ya daktari, nilimkuta mjane amelala chali mkekani, nguo ameipandisha, tumbo wazi. Alikuwa akiningoja.

"Shemeji amesema kesho nitatazamwa na daktari mwanamume," akasema. "Mimi nataka unitazame wewe. Wewe ni mkunga. Nipapase, uniambie mwanangu amelala upande gani."

Nilipiga magoti. Mikono yangu nilikwisha kuiosha, nikaifuta tena kwa leso, na tena. Nikaiweka. Nilipapasa kutoka juu kwenda chini na kutoka ubavu hadi ubavu, polepole, kama nilivyofanya kwa mamia ya wanawake, na rohoni mwangu naomba, jamani, nikosee, kuwe na kichwa mahali. Hapakuwa na kichwa. Hapakuwa na mgongo. Tumbo lilikuwa limejaa hewa, na kitovu, ambacho kwa mimba kubwa namna ile huwa kimetokeza nje, kilikuwa kimezama ndani.

Alinitazama usoni. Nyuma ya pazia mchele ulikuwa umenyamaza.

Ulimi wangu wa ukunga ulikuwa na jibu tayari. Ule mwengine niliokuwa nikifundishwa haukuwa na kitu. Nilimwona akiamka akijitupa kisimani, nilimwona akicheka akawa hanyamazi tena, niliyaona yote kwa mara moja. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Wewe, dada, wamhisi upande gani?"

Hakujibu. Nikanyamaza naye. Nyumba ya pili walikuwa wakitwanga, na niliusikiliza ule mchi kwa sababu sikuwa na kitu chengine cha kushika. Machozi yalimtoka kwa pembeni, yakaingia masikioni, naye hakuyafuta.

"Nilikuwa nikimsikia," akasema kwa sauti ya chini mno. "Wallahi nilikuwa nikimsikia akicheza. Sikusema uongo."

"Najua hukusema uongo."

"Siku hizi namsikia nikitaka tu."

Nikamfunika tumbo kwa nguo yake. Mikono yangu niliiacha pale juu.

"Nikisema hayupo," akasema, "eda yangu itakuwa imekwisha zamani."

"Ndiyo."

"Na eda ikiwa imekwisha..." Hapo akakoma. Alitazama pale chini ya ukuta ambapo "yule" huweka viatu. Kisha akanigeukia, na sasa kilichokuwa machoni mwake ni hofu ya kawaida kabisa, ambayo hata mimi naijua. "Mama je? Mama atanifanya nini?"

"Sijui, dada."

Ningeweza kumwambia atakusamehe. Ningeweza kumwambia atakufukuza. Vyote viwili nilikuwa navyo mdomoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikutoa hata kimoja. Nilipopita kwenye pazia, mavyaa alikuwa ameinamia ungo wake na hakunijibu kwaheri yangu. Kama alisikia au hakusikia, sikuweza kujua. Mlangoni shemeji mtu akaniuliza, "Ehe? Mimba au wazimu?" Nikamwambia angoje daktari. Akasonya.

Benchini Mwalimu aliniuliza lile swali lake.

"Nilihisi kukimbia," nikamwambia. "Nikimbie, nivuke feri, nisirudi Likoni."

Akaizima sigara. "Mimi ningekimbia," akasema.

Siku ya daktari zahanati ilijaa. Daktari alikuwa mwenye haraka, saa mkononi, feri ya saa sita haimngoji. Shemeji alikuwa wa kwanza kufika, amesimama kizingitini kama mwenye mlango. Wengine wanaingia wanatoka, na mimi kila nikisikia viatu nje naangusha kitu. Niliangusha pamba, nikaangusha mkasi. Daktari aliniuliza kama nina homa.

Kisha watu wa benchi la nje wakanyamaza. Nikachungulia. Alikuwa akija kwa miguu yake, buibui mpaka usoni, jua kali, mkono umeshikwa na mavyaa wake. Zaidi ya mwaka hajakanyaga mchanga wa nje, alikuwa akitembea kama anayeogopa ardhi itamwacha. Mavyaa alibaki kwenye benchi, karibu na mlango, palipo wazi. Mjane akaingia, akakaa, akafunua uso.

"Habari?" akasema daktari, kwa Kiswahili chake cha kuamrisha.

"Njema."

"Mimba ya miezi mingapi?"

Kimya.

Daktari akashika kalamu. Shemeji akasogea hatua mbele. Mimi nilikuwa nimeshika beseni la maji. Daktari akafungua kinywa aulize tena, na Mwalimu, aliyekuwa amesimama ukutani, akainua kiganja chake: ngoja. Daktari hakupenda, uso ulimwiva, lakini alingoja. Tukangoja sote.

"Mume wangu amekufa," akasema mjane.

Alisema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayetaja jina la mtaa wake. Daktari alimtazama, kisha akanitazama mimi, haelewi. Habari hiyo kila mtu pale alikuwa nayo. Ni mimi na Mwalimu tu tulioijua kuwa ni mpya.

"Alikufa bandarini," akaendelea. "Aliangukiwa na mzigo. Amezikwa. Mimi sina mimba."

Shemeji akarudi nyuma ile hatua aliyokuwa amesogea.

Nje, benchi likalia. Bi mkubwa alikuwa amenyanyuka. Aliingia bila kuitwa, akampita mwanawe bila kumtazama, akampita daktari, akasimama mbele ya mkaza mwanawe. Niliweka beseni chini, nikajiweka tayari kuingia kati, maana nilikuwa na yakini atampiga. Mjane naye aliinamisha kichwa, angoja.

Bi mkubwa akaweka kiganja juu ya tumbo lile. Alikiacha hapo kwa muda. Kisha akakiondoa, akashika ncha ya leso yake, akamfuta mwenzake uso, jicho moja, na la pili.

"Haya, mwanangu," akasema. "Twende nikakuogeshe. Kisha tukae, tumlilie."